Wapishi Wenye Sare

Katandala, Sumbawanga
12 Mei 2024

Mjomba Evans,

Shikamoo. Natumaini mmefika Dodoma salama. Huku tu wazima, ila nina hasira, na kwa kuwa simu zangu hupokei, barua hii nampa kondakta wa basi.

Mama yako tumemzika wiki iliyopita na bado siwezi kuwatazama watu usoni. Bibi alipanda huku kutoka Wampembe, kule ziwani, akiwa mwali, akaishi mtaa huu mpaka miaka themanini na saba. Alipima watoto wachanga kliniki kwa kujitolea, alisindikiza wajawazito hospitali, na hakuna msiba hapa ambao hakuwasha moto. Siku yake ilipofika, akina mama walikuja alfajiri na masufuria na kuni vichwani. Wewe ukasimama mlangoni: "Mama zangu, leo ninyi ni wageni, wapishi wametoka Mbeya." Wapishi wenye sare! Mama Monika, jirani wa Bibi tangu ujana, alijitwika sufuria lake akarudi kwake analia. Umesahau kwamba huku ukimfukuza mtu jikoni kwenye msiba, umemfukuza kwenye undugu?

Agosti tunaweka msalaba kaburini. Njoo mapema tuzunguke nyumba kwa nyumba uwaombe radhi. La sivyo tutakuwa mimi, wewe na padri.

Mpwa wako,
Winifrida

Dodoma
30 Mei 2024

Mpwa wangu Winifrida,

Marahaba. Sisi hatujambo, ni sukari tu inanisumbua. Umenikosea adabu, lakini nitakujibu.

Wewe ulimpata akiwa bibi. Mimi nilimpata akiwa na nguvu zake, na hakuwa wetu. Siku niliyopata Kipaimara alikuwa mbali huko Matai, anapika kwenye msiba wa mtu asiyemjua hata jina. Nilirudi kutoka kanisani nikala ugali wa jana. Hao akina mama walikuwa naye kila siku. Nilitaka awe wangu siku ile moja tu ya kumzika. Siendi kumwomba mtu radhi.

Mjomba wako,
Evans

Katandala
20 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na sukari. Pole na ugali wa jana pia, lakini ulikuwa mtoto. Leo una wajukuu.

Nimezunguka peke yangu. Kwa Salome, mmoja wa wale uliowarudisha na kuni zao, nilipiga magoti uani, kwa Mama Monika nilikaa nje mpaka akanifungulia. Watakuja, kwa ajili ya Bibi. Nilipokutaja wewe, kila nyumba walibadilisha mazungumzo. Afadhali wangekutukana.

Mpwa wako,
Winifrida

Dodoma
25 Agosti 2024

Winifrida,

Nimefika salama kutoka huko kwenye msalaba wa Mama. Salamu sina, nimechukia mno.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nipasue kuni. Mama Monika akaniondolea shoka mkononi, taratibu kabisa: "Mgeni wetu, karibu ukae." Nikawekewa kiti chenye kitambaa, maji ya chupa, uma na kisu. Nyumba niliyozaliwa! Nikaomba ndoo nichote maji, nikaambiwa mgeni usijisumbue. Cleophas, niliyesoma naye darasa moja, ananiuliza kama nimeipenda Sumbawanga! Na wewe nilikuona unacheka.

Sijalala vizuri tangu nirudi. Wanataka nini hawa? Niambie, nitafanya.

Mjomba wako

3 Septemba 2024, kwa simu

Mjomba, shikamoo. Barua itachelewa, ndiyo maana natuma ujumbe. Nilicheka, ndiyo, na sijutii.

Mume wa Mama Monika amefariki leo asubuhi. Mazishi ni keshokutwa. Hasira zangu hazijaisha, za Mama Monika sizijui. Panda basi la kwanza. Usitume mtu, usilete chochote, usitangulize simu. Ukifika usipite mbele walipo wanaume wakubwa, pitia uani kwenye moto. Wakikwambia wewe mgeni, nyamaza. Wakikupa kiti, usikae.

Mpwa wako