Mwito wa Pili

Shella, Malindi
9 Septemba 1986

Dada yangu Kabibi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na mihogo ya Magarini imesalimika na nguruwe. Sisi tu wazima. Hannah mke wangu anakusalimu, na analalamika kwamba nimegombana tena na mhariri wa gazeti. Ni kweli, na nitagombana naye tena.

Mwanao Kadii ameitwa chuo kikuu. Bodi ya Nairobi, ile inayogawa nafasi za vyuo vyote, imempa ualimu, chaguo lake la kwanza. Najua hulipendi neno hilo, kuitwa. Tangu kaka yake Kitsao aitwe chuoni na asirudi baada ya ghasia za Agosti themanini na mbili, umelifukuza nyumbani kwako, pamoja na jina lake mwenyewe.

Lakini sikia mambo ya binti yako. Bodi ilitaka ajibu kama anakubali. Wiki zikapita, yeye yuko hapa kwangu anafua, anapika, na jibu hapeleki. Nilipombana akasema, bila haya, kwamba anangoja aitwe mara ya pili. Eti wewe ulimwambia mzuka huita mara moja tu, binadamu hurudia. Na kwamba Kitsao, asubuhi ya kuondoka, alisikia jina lake likiitwa kutoka shambani, akaitika papo hapo, na shambani hapakuwa na mtu.

Nilifoka, dada. Nikamwambia Bodi si mzuka, ni wazee wenye miwani na mihuri, hawarudii, na nafasi yake atapewa mtoto wa bwana mkubwa ambaye hajawahi kuogopa kuitwa popote. Nikamwambia waliomchukua kaka yake walivaa viatu vya askari. Akanijibu: basi niite wewe, mjomba, maana umepiga kelele tangu asubuhi, mwito mmoja zaidi hautakukausha koo. Hannah alicheka mpaka akaegemea mlango.

Nikatoka uani mchana kweupe, mtu mzima ninayewaandikia watu gazetini kila mwezi kwamba wafu hawasemi, nikaita kwa niaba ya Bodi: Kadii! Akaitika ndani, "Abee!" Akatia sahihi, na jana jibu lake nimelipeleka posta mwenyewe. Nafasi ni yake.

Sasa nikwambie nililomficha hata Hannah. Kadii alipoitika ndani, nyuma yangu, upande wa kisima, sauti ya kijana nayo iliitika: "Naam, mjomba." Sikugeuka. Nilijiambia ni jirani. Hakuna jirani anayeniita mjomba.

Mimi sikumwita yeye, dada. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Miaka minne nimewaandikia mawaziri, majaji, magazeti, nikidai waseme Kitsao yuko wapi. Lakini kumwita, kwa sauti, kama mtoto anayetakiwa nyumbani, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi.

Njoo kabla Kadii hajasafiri. Tutasimama uani sote wawili. Utamwita wewe uliyemzaa. Akiitika, safari hii nitageuka.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa ubaya.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Thoya