Mwambieni Nasriya

Mutrah, Maskati
9 Januari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakushika miguu kutoka mbali. Natumai goti limetulia na Hasina anakukumbusha dawa ya presha. Sisi wazima, na Baba anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Ofisi yetu ya utamaduni imepata filamu za kale za Kimarekani, na mkubwa wangu, Bi Mazoon, amenipa niandae usiku wa mwigizaji mmoja wa zamani, Andrew Maris. Hakuwa nyota. Ni wale ambao uso wao unaujua na jina hulijui: leo mhudumu wa hoteli, kesho jambazi wa Meksiko, keshokutwa shekhe anayeuza ngamia. Magazeti ya kwao yalisema ni Mgiriki. Mimi natazama na kuandika maelezo. Kazi yenyewe ndiyo nimeianza juzijuzi na sitaki kukosea.

Nina swali dogo. Mume wako wa kwanza, marehemu Amur, aliyefia Marekani kabla hujaolewa na Babu Hamood: habari za kifo chake zilifikaje Unguja, na mwaka gani? Ni hamu ya kujua tu.

Mjukuu wako,
Sinan

*

Malindi, Unguja
20 Januari

Mjukuu wangu Sinan,

Waalaykumu ssalaam. Goti lipo, linan'ambia mvua kabla ya redio. Nnaandika kwa mkono wangu, Hasina anapiga picha na kukutumia, kwa hiyo hati mbaya ni yangu.

Wewe tangu mtoto ukitaka kuuliza jambo kubwa huanza kwa kusema ni dogo. Ulivunja birika la baba yako ukaja kuniuliza kama chai ni lazima.

Amur aliondoka na meli mwaka wa pili wa ndoa yetu. Mwaka wa hamsini na tisa mama yake, Bi Jawaher, akasoma khitma, watu wakaja kutupa pole, nikakaa eda. Halafu nikaolewa na babu yako, akazaliwa baba yako. Hayo ndiyo anayoyajua baba yako, na ndiyo anayoyasimulia kwenye kila harusi, namna mama yake alivyongoja.

Sasa n'ambie ulichokiona.

Bibi yako,
Nasriya

*

Mutrah
11 Februari

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Naomba u mzima, na unisamehe kimya changu. Barua hii nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi.

Andrew Maris ni Amur.

Kuna filamu amekuwa mkuu wa kabila fulani katika nchi isiyo na jina. Wamemvisha manyoya ya ndege. Anatakiwa kuomba mbele ya sanamu la mungu wao, na naona walimwambia aseme lugha yoyote, mradi isieleweke. Akainua mikono akasema Kiunguja kitupu. Nimeyanakili kama yalivyo: “Ewe Bi Jawaher wa Malindi, mama yangu, nimevishwa manyoya, usicheke. Jua kali, na jiwe hili la karatasi. Mwambieni Nasriya mimi nipo.” Kisha anapigwa risasi.

Filamu hiyo ni ya mwaka sitini na tatu, Bibi. Baba alikwishazaliwa. Na baada ya hapo Amur yumo katika filamu nyingine nyingi: bawabu, kinyozi, nahodha mlevi, hakimu wa kijijini. Nywele zinakuwa nyeupe huku natazama. Alifariki mwaka themanini na moja.

Tutaonyesha baada ya Idi. Ukumbi utajaa watu wetu waliotoka Unguja, na kila mmoja atasikia jina lako. Watasema mume yu hai, mke kaolewa kama mjane. Halafu watageuka kumtazama Baba na kuuliza nasaba yake. Mimi mwenyewe nimejiuliza, Mungu anisamehe. Baba hajui lolote.

Nimemwambia Bi Mazoon kuwa sauti ya filamu hiyo imeharibika. Akasema, “Imeharibika yote?” Nikasema yote. Akanitazama, akasema, “Haya, Sinan.” Sidhani kama ameniamini.

Niambie la kufanya. 

Mjukuu wako,
Sinan

*

Malindi
27 Februari

Mjukuu wangu,

Waalaykumu ssalaam, na Mungu akutulize moyo. Kaa kitako kwanza, unywe maji. Baba yako ni mtoto wa halali. Soma mpaka mwisho, usiruke.

Siku hizo sinema ilikuwa na siku ya wanawake peke yao. Nilikwenda na Bi Jawaher. Taa zikazimwa, mara Amur huyo, kafuga ndevu, mlinzi wa mfalme. Ukumbi mzima ukamjua. “Bi Jawaher, mwanao kapata cheo!” Tukacheka mpaka buibui zikatuvuka. Halafu akachomwa upanga, akafa vibaya, jicho moja linapepesa, wakamzika. Padri akasimika msalaba juu yake.

Bi Jawaher hakungoja taa. Njiani kan'ambia, “Najua ni mchezo. Lakini nimemwona mwanangu akiingia kaburini na msalaba, na sitolala mpaka nimsomee.” Akamsomea. Majirani waliosikia khitma walidhani imekuja simu ya msiba kutoka Marekani, wakaleta pole, naye akazipokea moja moja. Ilimwia rahisi zaidi kuwa na mwana maiti kuliko mwana wa sinema. Nikaambiwa nikae eda, nikakaa. Nilikuwa mtoto wa watu, sikuwa na kauli katika nyumba ile.

Lakini babu yako alipoleta posa, nilikataa kumwingiza kwenye uongo. Nilikwenda kwa kadhi na ami yangu, umri wangu miaka ishirini na tano. Nikasema mume wangu yu hai, hana barua wala matumizi tangu alipoondoka, na mimi nataka kutoka. Kadhi aliandika Marekani kwa anwani ya mwisho tuliyokuwa nayo, akangoja sana, hakikuja kitu. Akaivunja ndoa. Nikakaa eda nyingine, na hii ndiyo ya kweli, na hakuna aliyeijua ila sisi na babu yako. Mji ulimpenda mjane. Mwanamke aliyeomba kutoka usingempenda. Tukauachia mji ya kwake.

Maneno yake nimeyasoma, kisha nikampa Hasina anisomee kwa sauti. Sikutaka kula siku hiyo. Alikuwa mcheshi vile vile nyumbani, akivaa kanga yangu akimwigiza mama yake. Lakini mtu aliyetaka nijue yupo, posta ilikuwa wazi. Kenda kusema na jiwe la karatasi. Labda aliona haya. Namwombea Mungu, na nilipotoka nimetoka.

Onyesha filamu na sauti yake. Wakiuliza Nasriya ni nani, sema ni mimi, na useme niliomba kutoka, nikapewa. Usinifanye mjane mara ya pili.

Na baba yako mwambie kabla, asije akayasikia mbele za watu.

Bibi yako,
Nasriya

*

Mutrah
5 Mei

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Natumai Idi ilikuwa njema na goti linakuruhusu kusali kwa kusimama.

Nilimwambia Bi Mazoon kuwa sauti ni nzima. Hakuuliza kitu. Baba sikumwambia. Kila siku ya Ramadhani nilisema nitamwambia baada ya futari, na kila futari nikanyamaza. Alikuja, akakaa safu ya tatu na kanzu mpya, kwa sababu ni kazi ya mwanawe.

Ilipofika “nimevishwa manyoya, usicheke,” watu walicheka mpaka wakapigana mabega. Likaja jina lako, ukumbi ukatulia. Taa zilipowaka, mzee mmoja akauliza, “Nasriya yupi huyo?” Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, “Ni bibi yangu. Alikuwa mkewe. Hakuwa mjane wake. Aliomba kwa kadhi kutoka, akapewa, ndipo akaolewa na babu yangu.”

Bibi mmoja akasema, “Kumbe kuna mjane wa sinema.” Wa pembeni yake akamjibu, “Ana kheri huyo. Wangu nilimngoja, akarudi na mke.” Wakacheka tena, na maswali yakahamia kwenye mambo mengine.

Baba hakucheka. Kwenye gari aliipita njia ya kwetu bila kukata, akaendelea hadi barabara ya Qantab, akasimama pembeni, injini inawaka.

“Alikuwa na umri gani alipokwenda kwa kadhi?”

“Ishirini na tano.”

Akazima injini. Kisha akasema, “Harusi ngapi nimesimama nikawaambia watu mama yangu alingoja. Na yeye yuko upande wa wanawake, ananisikia kwenye spika.”

Nilisema, “Ndiyo, Baba.” 

Hajanigombeza. Jana aliniomba namba yako, ile aliyonayo miaka yote. Asubuhi hii nimemwona barazani ameshika simu, jina lako liko mbele yake, hajabonyeza.

Akikupigia akanyamaza, Bibi, usikate.

Mjukuu wako,
Sinan