Somoe Amenyamaza

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Ruponda.
Imla, darasa la tatu. Watoto kumi na mmoja wameandika "kalanga". Mashamba ya karanga yametuzunguka kila upande, na r bado haiwaingii. Nimewarudisha wote waandike upya. Nyumbani mke wangu Somoe kaniuliza kama kuna "habali" za mama yake. Nikamsahihisha kwanza, ndipo nikamjibu. Miaka mitatu ya ndoa na Kiswahili chake ni kilekile.

Ijumaa, 10 Agosti.
Mwalimu mgeni kutoka Lindi kala kwetu. Somoe alipotenga wali akasema, "Kalibuni." Nikamtaka arudie vizuri. Akarudia, ikatoka vilevile. Mgeni akacheka. Nami nikacheka.

Jumapili, 12 Agosti.
Somoe hasemi. Anaitika kwa kichwa. Nadhani ni hasira tu, itapita.

Jumatano, 15 Agosti.
Nimetoka shule nikakuta mlango umerudishiwa, chakula kimefunikwa. Jirani anasema Somoe kapanda lori la Ruangwa asubuhi, anakwenda kwa mama yake Nambilanje. Hakuniachia neno.

Jumanne, 21 Agosti.
Nyumba imepoa. Nina hamu naye. Kila jioni alikuwa akinisimulia mambo ya sokoni, akiwaigiza watu mmoja mmoja. Nilikuwa nawinda makosa. Leo nimejaribu kukumbuka kisa kimoja tu. Sina hata kimoja.

Jumamosi, 25 Agosti. Nambilanje.
Nimeomba ruhusa shuleni. Siku mbili juu ya baiskeli. Nimemwamkia mama mkwe kwa Kimwera, lugha ya kwao, nilichofundishwa na jirani. Wanawake uani wakaangua kicheko. Aibu. Somoe hakucheka.

Baadaye akaniambia, "Kwako nilikuwa napima kila neno kabla ya kulitoa. Hapa nasema tu. Sijui kama nitaludi, Mwalimu."

Nikamwambia nimemkosea. Nilisema mbele ya mama yake.

Jumapili, 26 Agosti.
Tumepukuchua mahindi tangu asubuhi, yeye, mama yake na mimi. Kesho naondoka peke yangu. Kasema huenda akaja mwezi ujao. Huenda. Sikumbana.

Kaanza kusimulia harusi ya binamu yake, akakatiza, akanitazama. Nikamuuliza bwana harusi alifanyaje. Akaendelea, kwanza polepole, halafu kwa kasi yake. Mahindi yakaisha. Hakuna aliyeinuka.