Kiganja cha Mama Kwenye Mashine Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mashine za karanga zimefika. Nane, zote kuukuu, zimelazwa kwenye mkokoteni kama wagonjwa. Vichwa vya kioo vimeota ukungu, miguu ina kutu, na kila moja bado ina chapa ya mwenyewe wa zamani — simba anacheka, nusu ya uso imebanduka.

Mwenye mali sasa ni nesi mstaafu. Anataka kuziweka kwenye vyumba vya kusubiri: zahanati, gereji, saluni, popote watu wanapokaa wakiangalia ukuta. Unatia sarafu, unazungusha mkono, karanga zinakuangukia kiganjani. Basi. Kiinua mgongo chote nimekimwaga hapa, kasema, akicheka. Lakini muda wote alikuwa ameshika kioo cha mashine moja kama mtu anayepima homa.

Chuma ni kazi yangu, rangi ni ya Dada. Ndivyo tulivyo tangu tuivamie sebule ya Mama na kuigeuza karakana. Nesi ana ombi moja: mkono wa kuzungushia uwe mrefu zaidi, wazee wenye vidole vibovu wasipate tabu. Nimelipenda ombi hilo. Mtu kafikiria watu.

Na jina? Kiganja! Dada kalitoa papo hapo, Nesi akapiga makofi. Kisha Dada akamkalisha Mama dirishani — Mama, fungua mkono kama unapokea kitu — akachora. Mama analalamika mkono umekufa ganzi, uchumba wenyewe haukumchosha hivi. Ule mchoro sasa! Mistari yote ya Mama imo, mpaka kovu la kisu. Sijui Dada anavitoa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Msasa tangu asubuhi. Simba wamegoma kutoka, ikabidi thina, ile ya kuyeyushia rangi. Pua yangu imekufa.

Dada kagonga tena bega kwenye fremu ya mlango. Huu mlango umehama, kasema. Tumecheka. Mama hakucheka.

Alasiri akaanza mashine ya kwanza. Kiganja kimetoka hai, unatamani kukiwekea kitu. Kisha maandishi. Kila herufi, ukiitazama peke yake, imesimama kama mtoto wa shule siku ya ukaguzi. Lakini mstari unapanda mlima. K iko chini, A ya mwisho inakaribia kugusa kioo. Dada alirudi nyuma, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Safi," kasema. Nami nikaitikia, safi.

Kwa nini niliitikia?

Ijumaa, 7 Machi

Mashine ya pili. A ya mwisho imedondoka. Imevuka ukingo wa bati — nusu iko mbele, nusu imekata kona kwenda ubavuni. Hakuiona. Dada yangu huyu, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka juu ya ngazi, bila rula, bila kamba, huku anabishana na watu wa chini!

Presha ya macho. Daktari alimwambia mwaka jana: inakula pembeni kwanza, inakuja katikati taratibu. Akampa dawa ya matone. Leo nikamuuliza, matone unatia? Natia, afande, kasema, na kunipigia saluti ya brashi.

Baadaye nilifungua kabati kutafuta pamba. Chupa ipo. Kifuniko hakijakatwa.

Nikafunga kabati polepole.

Jumamosi, 8 Machi

Dada hujinyoosha kidogo baada ya chakula. Nikachukua brashi yake. Nikaifuta ile A kwa thina, nikaipandisha mahali pake. Mkono wangu ni wa spana jamani, si wa brashi. A imetoka nene kama ina mimba. Lakini imo ndani ya mstari. Nikahamia mashine ya kwanza, nikaushusha mlima kidogo kidogo.

Kumbe Mama amesimama nyuma yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kasema, na sasa mmekuwa wafichaji wawili. Nikamjibu, basi mwambie wewe. Akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa mbichi.

Jumatano, 12 Machi

Mtindo wetu mpya: Dada anaandika, anapumzika, mimi naingia. Mashine nne sasa. Anazidi kuwa na furaha, ndilo linaloniuma. Anaimba. Kasema mkono wake umerudi.

Leo nimekwenda kwa fundi wa stika, nimeubeba mchoro wa Dada ndani ya gazeti. Nilimwambia Mama nakwenda kununua skrubu. Fundi ana mashine kubwa inayotema stika kama ulimi. Kautazama mchoro, kapiga mluzi. Anasema atauingiza kwenye kompyuta, atanyoosha herufi, zitatoka mia zinazofanana, na mteja hatajua kama kuna mkono wa mtu umepita hapo.

Nimemwachia. Nikatembea kurudi nyumbani mikono mitupu. Skrubu nilizisahau.

Alhamisi, 13 Machi

Yamepasuka.

Nilikuwa chini, nakaza mguu wa mashine ya tano. Dada akaja akapitisha kidole kwenye mashine ya nne, kufuta vumbi tu. Kidole kikateleza. Akakileta karibu na uso, karibu kabisa, akakinusa.

"Hii niliiandika jana. Mbona mbichi?"

Nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Kibiriti." Hilo ni jina langu nyumbani, kwa ajili ya hasira zangu. Leo lilitoka taratibu. "Kibiriti, nani kashika kazi yangu?"

"Nilikuwa nanyoosha tu, Dada. Kidogo."

"Ngapi?"

"Dada, tusi—"

"Nimekuuliza ngapi."

"Zote."

Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo ya rangi. Akaanza kupapasa maneno ya mashine ya nne, herufi moja baada ya nyingine, macho kafumba. Za kwake zilikuwa laini. Akifika kwenye yangu anasimama. "Hii ya kwako. Ina matuta. Hii pia." Kama mtu anayechambua mchele.

"Kwa hiyo unajua," kasema.

"Tunajua."

"Tunajua — wewe na nani?"

"Na mimi," Mama kasema toka jikoni. Hakujitokeza. Sauti tu.

Hapo ingetosha. Lakini siku ikiamua kukuvua nguo haikuachii hata leso. Simu yangu iliita mezani, mikono yangu ina grisi, Dada akaipokea kama kawaida yetu. Nilisikia sauti ya fundi wa stika, changamfu kweli: stika za ule mkono tayari, niwatolee ngapi?

Dada akaiweka simu chini. Taratibu, kama yai.

"Umenizika nikiwa hai," kasema. "Na kwenye msiba wenyewe hukunialika."

Nilitaka kusema nimefanya kwa ajili ya Nesi, kwa ajili ya jina letu, kwa ajili yake. Yote kweli. Akachukua kitambaa na thina, akaanza kufuta. Hakugusa zake. Anapapasa, anapata tuta, anafuta. Alipomaliza, mashine nne zilikuwa na mapengo kama vinywa vya wazee.

Jumamosi, 15 Machi

Hasemi nami. Anasema na Mama, anasema na redio.

Nimefunga mikono mirefu yote nane. Nimepaka grisi. Zinazunguka bila sauti. Nyumba nayo vilevile.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimemkuta amevaa, ameketi mlangoni, mkoba mapajani. "Nipeleke." Hakusema wapi. Njiani alinishika kiwiko, na hilo hajawahi kulifanya. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikishika gauni lake.

Kliniki ya macho. Wanakukalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, vitone vya taa vinawaka huku na kule, ukikiona unabonyeza kitufe. Nilikuwa nyuma yake. Niliviona vyote. Pembeni kinawaka — kimya. Juu kinawaka — kimya. Nilitamani kidole changu kiwe chake. Kinawaka katikati — tik. Halafu kimya tena, kirefu.

Daktari, mama mtu mzima, hakumfokea. Kasema kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki, na kwa nini hukutia? Dada akajibu bila kuzunguka: alikuwa nayo chupa nyingine kabla ya hii, akitia jioni, asubuhi macho yanawasha, yana ukungu, nusu siku hawezi kushika brashi. Akaona achague. Akachagua brashi.

Sikujua. Mimi niliyelala chumba kimoja naye.

Daktari kasema ziko aina nyingine za dawa, angerudi tu akasema. Kisha Dada akauliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza nitapofuka? Aliuliza, "Nimebakiwa na upana gani?" Daktari akakunja vidole vya mikono miwili, akatengeneza duara, akamwekea mbele ya uso. Dada akatazama kupitia humo kwa muda.

"Panatosha kiganja," kasema.

Kurudi, akanunua machungwa, akanikatia la kwangu. Hatujasameheana. Tumekula machungwa.

Jumatano, 19 Machi

Dawa mpya. Kasema inawasha kidogo tu. Mama anasimamia kama mlinzi wa benki.

Kazi imeanza upya, kwa utaratibu wa Dada mwenyewe. Mimi nabandika tepu ya karatasi, mstari wa juu na wa chini, na kipande cha kusimama pale bati linapoishia. Yeye anapapasa tepu kwa kidole cha kushoto, anaandika kwa kulia. Mwanzoni nilisimama kando nikawa namwambia: shuka kidogo, simama, nenda, nenda. Akaweka brashi chini. "Mimi si lori linarudi nyuma." Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Basi na sisi tukacheka. Kicheko cha kwanza tangu ile Alhamisi, na kilikuwa kimechoka.

Zimenyooka. Si kama zamani — zamani herufi zake zilikuwa na haraka fulani, kama zinakwenda sherehe. Hizi zinakwenda taratibu. Lakini ni zake.

Fundi wa stika kaleta sampuli mwenyewe, maskini, hajui lolote. Nilidhani Dada atamtimua. Akaipokea, akaisogeza usoni, akaipitisha ukucha. Kazi safi, kamwambia. Kisha akamrudishia. "Mama yangu mkono wake haung'ai hivi."

Mashine ya pili, yenye A iliyokata kona, amekataa isiguswe. Aliifuta ya kwangu, akairudisha ya kwake palepale ilipodondokea, akifuata kwa kidole alama iliyobaki kwenye bati. Nikamwuliza kwa nini. Kasema, hiyo iache.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimesimama, jikoni, daftari juu ya kopo la sukari. Chai iko motoni.

Nesi kaja. Ziko zote nane sebuleni, vioo vinameta, karanga zimejazwa. Kazungusha mkono mrefu kwa kidole kimoja, karanga zikamwagika kiganjani mwake mbele ya kiganja cha Mama kilichochorwa, akabaki anatazama mikono miwili. Alilia kidogo, yule mama. Akasema hakujua kama vyuma vinaweza kuwa na adabu.

Alipofika kwenye ya pili, akainama. Akafuata A mpaka ubavuni. "Na hii?" Dada kamjibu, "Hiyo ndiyo iliyonifanya nijue." Nesi — miaka yote hiyo wodini, hashindwi kusoma mtu — hakuuliza kujua nini. Alimtazama tu Dada macho, jicho moja, halafu jingine. Akasema hiyo ataiweka kwenye zahanati.

Halafu ndipo akatoa habari yake. Kuna hospitali imempa nafasi, korido nzima. Anataka nyingine ishirini. Kwa mkono, si stika, na zote ziwe na kiganja hiki. Akamgeukia Dada. "Mwanangu, utaweza?"

Dada akafungua mdomo. Akageuza uso kunitafuta. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake, ubavuni, na macho yake yakanipita, yakaenda ukutani, yakarudi, yakanipita tena. Nilipaswa kukohoa. Sikukohoa.

"Muulize mdogo wangu," akasema kuelekea ukutani. "Yeye ndiye anayeona."

Hajawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Hata mbele yetu.

Wote wakanitazama. Nikasema — ngoja nilete chai! Nikakimbia.

Nikisema ataweza, namfungia humo ndani ya duara lake na mashine ishirini, na kama lile duara litapungua kabla hatujamaliza? Nikisema hataweza, nani atabaki amekaa juu ya ndoo ile? Mama kaingia, kaona naandika, kasema watu wanaingoja chai, hawangoji kitabu. Kisha kasogea, kapunguza moto, na kunishika shingoni kwa mkono uleule wenye kovu.

Dada anaita. "Kibiriti! Mgeni anasubiri."

Sauti yake haina hasira. Ina subira. Nabeba chai; safari hii nitasimama mbele yake, ndani ya duara lake, ndipo nijibu.