Jina la Kwenye Lebo

Levolosi, Arusha
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepata nafuu tangu mvua ipungue. Ng'ombe amezaa? Migomba ya nyuma ilisimama baada ya ule upepo? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimempa Stanley wa maziwa akuletee mkononi, maana kwenye simu ningelia, nawe ungedhani nimeishiwa chakula.

Masomo yanaendelea. Sasa nakata suti ya kike bila kumwita mtu, na zipu zangu zinakaa sawa. Muhula huu mwalimu wetu, Madam Violet, alitwambia fundi si mikono tu, ni jina pia. Kila mmoja aandike mpango wake wa kazi: yeye ni nani, na miaka mitano ijayo atakuwa wapi. Halafu ashone lebo ya kuweka kwenye nguo zake. Mimi nilitarizi "Mama Aikande", kwa kuwa hata wewe uliacha kuniita Elinaza tangu nijifungue. Naeku, ninayekaa naye meza moja, akasema hilo ni jina la genge la nyanya, nani atavaa suti ya genge. Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikafumua. Nikatarizi "Elinaza Mitindo".

Mpango niliuandika mara tatu. Nilisema nitapata cherehani yangu, kisha chumba pale Usa River, niwashonee wanafunzi wa chuo cha Makumira majoho ya mahafali. Madam aliusoma mbele ya wenzangu, akaniteua niende kujifunza kazi kwenye karakana inayoshona sare za hoteli. Nafasi ilikuwa moja tu. Fomu yao ilikuwa na mahali pa kujaza watoto. Naeku akaninong'oneza kwamba mwenye mtoto hawamchukui, ataomba ruhusa kila homa ikipanda. Nikaandika: sina.

Mama, Jumatano uliniuliza kwa simu kwa nini siku hizi Aikande ananiita dada. Nilikwambia ameiga watoto wa jirani. Si kweli.

Ile Ijumaa uliyokuja naye mjini, ukamwacha kwangu chuoni ukaenda kuonyesha goti kliniki, mwenye karakana alikuwa amekuja kutuona tukishona. Aikande akanikimbilia, akanishika sketi. Yule mama akauliza mtoto ni wa nani. Nikasema, "Ni mdogo wangu." Kisha nikainama, nikamwambia mwanangu sikioni, "Leo niite dada." Alinitazama, akatii. Nilimwambia leo, Mama. Sikumwambia mwisho wake ni lini.

Baada ya simu yako nilishindwa kuendelea kuficha. Alhamisi nikaenda karakana nikamweleza yule mama kila kitu. Hakufoka. Alinionyesha nyuma ya meza ya kukatia, mtoto mchanga wa fundi wake amelala juu ya vitambaa. Nikasikia mafundi wote wanamwita huyo mwenye karakana Mama Koikai. Akasema mtoto asingeninyima nafasi. Ila yeye huwaachia mafundi wake funguo za karakana, na mimi nimemkana mtu wangu kwa ajili ya fomu. Nafasi amepewa Naeku. Madam Violet naye amenirudishia mpango niuandike upya, kuanzia pale panapouliza mimi ni nani. Nitauandika. Cherehani na chumba cha Usa River bado nimeviacha palepale kwenye mpango.

Ndani ya bahasha kuna lebo. Nimeitarizi ile ya kwanza upya, kwa uzi mwekundu. Mshonee Aikande kwenye sweta lake la chekechea, kwa ndani, shingoni. Akiuliza imeandikwa nini, msomee. Asipouliza, usimlazimishe. Jumamosi ijayo nitakuja mwenyewe nyumbani Akheri, nimwambie kwamba ile leo niliyomwambia imekwisha. Akiendelea kuniita dada, nitaitika.

Nisalimie Baba, mwambie asibebe tena magunia ya kahawa peke yake. Wasalimie na wa kwaya. Usinikasirikie sana, au nikasirikie, lakini uniwekee kiporo cha ndizi.

Mimi mwanao,
Mama Aikande