Kiti Ulichomuletea Mama

Kasongo, Ijumaa

Yaya Nourdine, kaka yangu mukubwa, huko Salamabila,

Salamu aleikum. Mvua imerudi, karanga zimeota vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kutuma pikipiki imulete mama kwako, apumzike zaidi. Apumzike namna gani tena? Miaka miwili iliyopita ulikuja na kile kiti kikubwa, ukamunyang'anya jembe mbele ya majirani, ukasema mama yako hatalima tena wala kutembea kwa miguu. Sombe yetu ya majani ya muhogo uliiita chakula cha maskini, ukawa unatuma sukari na biskuti. Majirani walikusifu. Nami nilikubali, kwa sababu wewe ni mukubwa.

Sasa mama anasahau. Juzi aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Muganga wa hospitali alisema uzee una mambo yake na dawa ya kuuponya hakuna, lakini kutembea, majani na samaki vinasaidia kulinda akili ya muzee. Yeye hakukulaumu. Mimi ninakulaumu.

Tangu mwezi uliopita tunaenda shamba pamoja kila asubuhi, polepole. Anapalilia kidogo, anapumzika, anapalilia tena. Jana nilimuuliza kama anamukumbuka mutoto wake wa kwanza. Alifikiri sana, lakini jina lako halikumujia.

"Ni yule mwenye alininyang'anya jembe," akasema.

Usitume pikipiki. Ukimutaka mama, uje mwenyewe, na jembe mukononi. Kwenye kile kiti sasa kuku anataga mayai.

Mudogo wako,
Mwanvua