Gari Lisilo na Ganda la Karanga

Jumapili, 9 Machi
Nimewasha gari la marehemu mke wangu. Dakika kumi kila Jumapili, lisife kwa kukaa. Tuliliita Kobe. Ni kuukuu kuliko ndoa yetu. Injini nyuma, inanguruma kama mashine ya kusaga. Chini ya kiti bado kuna maganda ya karanga alizotafuna akienda kufundisha huko Dutwa. Sifagii.

Mchana Shija amekuja. Anataka kumuoa binti yangu, Minza. Amekuja na gari refu, jeusi, jipya. Halisikiki hata likiwa linawaka. Viti vya ngozi. Kioo katikati kama televisheni. Ameniketisha ndani, baridi hadi magotini. Nimechungulia chini ya kiti. Hakuna hata ganda. Mtu gani ana gari lake asiangushe kitu?

Jumatano, 12 Machi
Bado nalifikiria. Anasema ana biashara Nyashimo. Biashara gani, hakutaja. Alipotaka kufungua buti alibonyeza hapa na pale, vifuta mvua vikaanza kufuta jua. Mama Minza la kwake alilifungua amefumba macho.

Nimemwambia Minza simwamini.
"Kwani baba unataka aje na baiskeli?"
Naogopa. Nimebaki na huyu tu. Nikimkataza, ataondoka na hasira. Nikikubali, huenda nampa mwongo.

Ijumaa, 14 Machi
Shija amepiga simu. Ng'ombe wa mahari wako kwa mama yake, kijijini Migato. Twende kesho nikawaone.
Kama gari kaliazima, hashindwi kuazima ng'ombe. Nitatazama kama wanamjua.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua ilinyesha alfajiri. Nikasema twende na Kobe. Akacheka, eti baba mkwe hapandi mkebe. Imeniuma.

Tulipoacha lami tukaingia udongo mweusi wa mbuga. Kobe ni jepesi, mama Minza alilipitisha huko masika yote. Hili la Shija likalala kwa tumbo. Magurudumu yanazunguka, haliendi.

Shija akavua viatu. Akakaa kwenye tope, akashika kichwa.
"Baba, si langu. Ni la bosi. Kaniazima kwa ajili ya posa. Mimi naliosha tu."

Analiosha. Ndiyo maana hakuna ganda. Nilikuwa sahihi, na sikufurahi hata kidogo.

Akaenda kwa mama yake kwa miguu. Akarudi na ng'ombe wanne wa kulimia. Anamwita kila mmoja kwa jina, nao wanageuza masikio. Mweupe mwenye pembe iliyovunjika alimlamba bega. Ng'ombe haigizi. Wakavuta mara moja, gari likatoka.

Mama yake alikuja nyuma, akacheka hadi akashika magoti.
"Mzazi mwenzangu, mahari imeanza kazi kabla hujaipokea!"
Nikacheka. Sijacheka hivyo tangu msiba.

Jumapili, 23 Machi
Shija amekuja na basi. Viatu vina vumbi. Nimemwambia nimekubali. Minza amelia kidogo, kisha akakaanga karanga.

Betri ya Kobe imechoka. Shija akashika usukani, mimi na Minza tukasukuma. Likawaka.

Lilipotulia Shija akachukua kifagio, akainama chini ya kiti. Nikamshika mkono. Nikamwambia hapo hapafagiliwi. Hakuuliza. Akakirudisha.

Minza amempa karanga. Naye Shija ameangusha ganda moja chini ya kiti. Ameliacha.